Banda la mpira ambalo goli linafika kabla ya picha: nyota nne

Nianze kwa kujitaja mtu asije akasema baadae nilificha. Mi ni Simba. Sio Simba wa "napenda tu mpira mzuri", mi ni Simba wa kulala na njaa timu ikifungwa, kwa hiyo haya ninayoandika kuhusu hili banda yachukue hivohivo, yametoka kwa mgonjwa. Kama we ni Mwananchi, shabiki wa Yanga, soma tu usiogope, mlango ni mmoja na kiingilio ni kilekile.

Banda halina jina. Liko upande wa Temeke, nyuma nyuma huko, ukitoka Uwanja wa Mkapa kwa miguu ni kama kilomita moja na ushee, unapita mafundi magari, unapita msikiti, ukiona ubao mweusi umeegemezwa kwenye tairi la lori jua umefika. Ule ubao ndio tangazo lao. Kila asubuhi dogo wa mlangoni anaandika kwa chaki mechi za leo na saa zake, na mwandiko wake una sheria zake mwenyewe, Arsenal anaandika ASENALI, Wolves anaandika WOVUZI, sijawahi kumuuliza. Ila Simba na Yanga hajawahi kukosea hata herufi moja.

Kiingilio jero (mia tano) kwa ligi na mechi za Ulaya, buku kwa dabi ya Simba na Yanga na mechi za CAF za Afrika. Siku ya fainali ya Simba ya Kombe la Shirikisho Afrika 2025 mwenye banda alijaribu kupandisha iwe buku mbili, watu wakasimama tu pale mlangoni wanamuangalia, hakuna aliyebishana wala kutukana, mwenyewe akafuta akaandika 1,000.

Ndani kuna mabenchi ya mbao safu nane, sakafu mchanga unaomwagiwa maji kidogo vumbi lisipande, mapazia mazito meusi madirishani kwa hiyo hata saa nane mchana kule ndani ni usiku, feni mbili, moja inazunguka na nyingine ipo tu. Skrini mbili. Kubwa ni ya mpira wa nyumbani na ndio yenye sauti, ndogo ni ya Ulaya. Mechi zikigongana mashabiki wa Asenali wanapewa ile ndogo bila sauti na washazoea, wanakaa kona yao wanashangilia kwa kunong'ona kama watu walioko msibani. Nakubaliana na huu utaratibu asilimia mia.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Hili banda lina hitilafu moja ambayo hakuna fundi wa kuitengeneza. Mechi ikiwa Mkapa, kelele za uwanjani zinatufikia kabla ya picha. Picha inabidi ipande mpaka setilaiti huko juu, irudi, ipite kwenye king'amuzi, inachelewa sekunde kadhaa. Kelele yenyewe inakuja kwa miguu tu juu ya mabati ya watu na inawahi. Kwa hiyo kwenye tivii unamuona beki wetu bado anahangaika na mpira kule nyuma, hajui hata ampe nani, afu huko nje unasikia uuuuuuuh, uwanja wa watu elfu sitini, na unajua limeshaingia.

Tukicheza na timu nyingine hiyo ni raha tupu, unashangilia mara mbili, mara ya kwanza gizani na mara ya pili ukiwa umeona. Tatizo ni dabi. Uwanja nusu wetu nusu wao, goli likiingia la yeyote kuna nusu inalipuka, na kelele ikifika kwetu haina rangi. Banda zima linanyamaza. Nimewahi kugeuka kuangalia watu badala ya tivii siku moja, aisee. Aliyeshika kikombe cha kahawa hanywi wala hakirudishi chini. Muuza kashata kainua kifuniko cha ndoo yake kakishikilia hewani. Dogo wa mlangoni alikuwa anampa mtu chenji, noti ya buku mbili wameishika wote wawili, huyu upande huu na yule upande ule, hakuna anayevuta. Macho yote kwenye skrini yanamtafuta mtu atakayefunga goli ambalo kilomita moja kutoka hapa limeshafungwa na wenzetu wameshaanza kukumbatiana. Kuna mzee mmoja hukaa karibu na mlango yeye anadai anaujua mlio wa Yanga, eti una "i" ndani yake, unaanzia puani. Amekosea mara nyingi tu lakini bado tunamgeukia.

Wageni wanalilalamikia sana hili jambo. Kuna kijana alikuja na demu wake akasema mbele ya watu kwamba hii inaharibu utamu, bora mwenye banda azibe matundu na aongeze sauti ya spika. Na kweli alijaribu, akaweka maboksi ya mayai ukutani na spika ya pili ya kwenye shughuli, wiki moja hivi, sisi wenyewe wa humu tukamfuata tukamwambia toa. Ukitaka kuona goli tu kaa kwako kwenye kochi lako, goli utaliona, na usiku utaliona tena likirudiwa mara kumi. Mi ile buku yangu nalipia zile sekunde tano.

Najua inavyosikika. Mama Rama ananiambiaga kila siku, baba Rama we ni mzima kweli? Na mi sijui jibu. Kuna shabiki maandazi, huyo anajua timu imeshinda kwa sababu ameona watu wamevaa nyekundu kwenye daladala, hana shida na mtu na usiku analala. Kuna shabiki wa kawaida. Afu kuna sisi ambao timu ikiwa na mechi Jumamosi basi Alhamisi chakula kimeshaanza kukosa chumvi. Mi kwenye lile banda nina sehemu yangu, benchi la tatu kushoto, chini ya nguzo, na sehemu hiyo sikuichagua, ilinichagua mwaka 2019 siku Kagere alipowafunga Al Ahly moja bila. Mwezi uliofuata nikakaa palepale, Chama akawafunga Vita wa Kongo dakika za mwisho kabisa tukaingia robo fainali ya Afrika. Basi imetoka hiyo. Mtu atasema mbona hao hao Al Ahly na hao hao Vita walitupiga tano tano kwao na we ulikuwa umekaa palepale chini ya nguzo, ndio, nilikuwepo, ila zile zilikuwa ugenini, nguzo haifiki mpaka Kinshasa.

Na mtu mwingine atauliza kwanini nisiende uwanjani kabisa wakati nipo hapa jirani. Nimeenda sana. Tarehe 6 Mei 2012 nilikuwa uwanjani, viti vya rangi ya chungwa, tulipowapiga Yanga tano bila, penati moja kapiga Kaseja, kipa, anatembea kutoka golini kwake uwanja mzima kwenda kupiga penati na watu wanacheka wanalia. Mafisango naye alifunga siku hiyo. Siku kumi na moja baadae Mafisango akafa kwa ajali ya gari hapahapa Dar. Tangu hapo kila nikikaa vile viti namuona, nikaona bora banda.

Sasa historia yangu na hili banda ina doa moja na lazima nilieleze kwa sababu linahusu huduma. Tarehe 20 Oktoba 2013. Siku hiyo hatukuwa hata na picha, mwenye banda alichomeka redio kwenye spika zake akaacha mlango wazi, bure, watu wamejaa mpaka barabarani. Mama Rama yuko hospitali tangu asubuhi, mi nimemuacha na mama mkwe nikasema natoka kidogo kutafuta maji ya kunywa. Kipindi cha kwanza kinaisha Yanga tatu, Simba bila. Mama mkwe anapiga simu, we baba upo wapi, njoo haraka. Nikatoka mbio. Nafika getini walinzi wa hospitali wamezunguka redio ndogo wanarukaruka, namuuliza mmoja vipi, ananiambia tatu tatu. Mwombeki, Owino na Kaze, magoli matatu yote yameingia mi niko kwenye bodaboda. Ndani namkuta Rama keshazaliwa, amefungwa kwenye kitenge, namshika, nalia, mama mkwe anasema huyu baba ana mapenzi na mtoto jamani. Ni kweli nilikuwa namlilia mtoto. Lakini niseme ukweli, sio mtoto peke yake.

Jumatatu yake napita bandani watu hawanipi hongera ya mtoto kwanza. Wananiambia wewe ndio nuksi. Umetoka tu zikarudi zote.

Mnaona nilivyobebeshwa mzigo? Na mwenye banda, ambaye kwenye mambo mengine ni mtu wa haki, hakunitetea, alikuwa anacheka.

Ikaja tarehe 5 Novemba 2023. Mimi chini ya nguzo. Musonda katufunga mapema sana watu hata hawajakaa vizuri, Kibu akasawazisha, mapumziko moja moja, tunasema leo hawa tunawapata. Kipindi cha pili kelele ya kwanza ikaja, sekunde tano, Maxi. Mbili moja. Kelele nyingine, Aziz Ki. Tatu moja. Hapo nikasikia mtu wa benchi la nyuma ananigusa bega kwa heshima kabisa, "Kaka, samahani, hebu toka nje kidogo." Nikageuka kucheka nikakuta hawacheki. Watu wazima, mmoja ana kanzu. "Kama 2013 kaka, toka tu, utarudi." Na mimi, mtu mwenye akili zangu, fundi umeme, baba wa watoto wawili, nikasimama nikatoka.

Nje palikuwa na mama muuza karanga tu. Akaniuliza umefukuzwa? Nikasema hapana nasaidia timu. Akanipa karanga za bure. Na ndio hapo nikaligundua jambo ambalo miaka yote sikuwahi kuliwaza, kwamba ukiwa nje ya banda unakuwa wa kwanza kujua kuliko wote walioko ndani. Kelele ikaja kutoka Mkapa, nzito, ndefu, na safari hii hata mi niliisikia ile "i" ya yule mzee. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, na banda likagawanyika, nusu wanapiga mabati na nusu kimya. Nne. Dakika kadhaa tena kelele nyingine, penati ya Pacome. Nikahesabu tena. Tano moja. Dogo wa mlangoni akatoa kichwa akaniambia, bro rudi tu, haisaidii.

Siku mbili baadae kocha wetu Robertinho akaondoka, mimi lawama yangu ikafutwa, walau kwa sehemu. Ila shemeji yangu, kaka yake mama Rama, Yanga wa kuzaliwa, kwa mwezi mzima alikuwa hanisalimii kwa mdomo, akiniona barabarani ananyanyua mkono vidole vitano anapita. Na ndio huyohuyo alinifanyia lingine 2024 Chama alipohamia kwao. Nilikuwa na jezi ya Chama, namba 17 mgongoni, ile ambayo hata alivyouzwa Berkane Morocco niliikunja nikaiweka na karafuu nikijua atarudi na kweli akarudi. Safari hiyo akaenda Jangwani, kwa Yanga. Shemeji kaja nyumbani kaiona kwenye kamba akasema "Shem, hiyo nguo yetu ikikauka nitaipitia." Nimeiziba jina kwa plasta ya kidonda, ukifua inabanduka, naweka nyingine. Kuitupa siwezi, kuivaa siwezi. Bandani wananiita Plasta.

Uzuri wa uendeshaji nitauelezea kwa tukio moja tu. Tarehe 8 Machi 2025, dabi, watu wameanza kulipa tangu asubuhi kushika nafasi. Jana yake usiku Simba walishasema hawachezi kwa sababu wamezuiwa kufanya mazoezi Mkapa mkesha wa mechi, lakini nani anaamini, tukajua maneno ya mpira. Yanga wao wakaenda uwanjani. Tukiwa humo ndani, buku zishalipwa, Bodi ya Ligi wanatangaza mechi imeahirishwa. Banda limejaa, jasho, watu wanataka hela zao, nusu wanamlaumu huyu nusu yule, kulikuwa na harufu ya ngumi kabisa. Mwenye banda akapanda kwenye benchi na daftari la shule la mwanae, akasema hela ya mafuta ya jenereta nimeshanunua sina cha kurudisha, ila andikeni majina. Kila mtu akaandika. Wengine tukasema ndio tumeshaliwa.

Mechi ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni, miezi mitatu na zaidi. Nafika mlangoni na buku yangu mkononi, dogo analifungua lile daftari, anapitisha kidole, "Plasta, ushalipa, pita." Shemeji nae alikuwa kwenye lile daftari kwa hiyo akaingia bure kuja kutuona tunafungwa mbili bila na ubingwa unaenda kwao. Nilimuonea wivu ile raha, bure na ubingwa.

Ubaya nao usemwe. Choo. Hakuna choo. Kuna cha jirani cha kulipia mia mbili na jirani mwenyewe ni Yanga, tukiongoza anafunga na kufuli anasema maji yamekatika. Mabenchi yana misumari, benchi la pili limeshanichania suruali mbili, hiyo ni sababu nyingine ya kupenda la tatu. Joto la Januari na Februari usimlete mtu mwenye presha. Umeme ukikatika jenereta linachukua dakika mbili tatu kuwaka na dogo analivuta ile kamba kwa pozi kana kwamba hana haraka na maisha, jamani kama ni penati ndio zinapigwa mtu anaweza kufa. Na kuna jamaa wa earphone, huyu anasikiliza redio kwa siri kwenye mechi za ugenini, redio inawahi picha, basi anaguna kabla ya watu. Kumkuta na earphone ni faini ya kununulia benchi zima kahawa, sheria hiyo ipo na inafanya kazi, ila yeye anaona kahawa ni rahisi kuliko kusubiri.

Vyakula viko vizuri. Kahawa chungu ya mia mia na kashata, mihogo ya kukaanga na chachandu kwa dada wa nje, ule muhogo mkavu kidogo uliochomwa pembeni uombe mapema maana unaisha. Huyo dada wa mihogo ndio anajua mpira kuliko wote mle ndani, anauangalia kwa kuchungulia kwenye tundu la pazia huku anageuza mafuta, na akisema beki wa kushoto leo ana shida basi goli litatokea kushoto.

Nimalizie na fainali kwa sababu bila hiyo nyota zangu hazitaeleweka. Tarehe 25 Mei 2025, Simba na Berkane, marudiano ya fainali ya Shirikisho. Kwao tulikuwa tumefungwa mbili bila. Mechi ya kwetu ilitakiwa iwe Mkapa, CAF wakaukataa uwanja, ikapelekwa Amaan, Zanzibar. Watu wa banda wengi walivuka maji, tuliobaki ni wagonjwa tusio na nauli na wazee. Yule mzee wa mlangoni, anayeiita timu Sunderland mpaka leo wakati jina lilibadilishwa 1971, alikuja na hadithi yake ya Mufulira, kwamba 1979 tulifungwa nne bila hapahapa Dar tukaenda kuwapiga tano Zambia, kwa hiyo mbili ni kitu gani. Tumeisikia mara elfu. Siku hiyo tulimuomba airudie.

Mutale akafunga mapema. Nguzo nimeikumbatia. Kipindi cha pili Kagoma akala nyekundu, tuko kumi, bado tunashambulia, Mukwala akatia mpira nyavuni na banda likaruka, benchi la tano likavunjika, mtu wa kanzu kanibusu shavuni, afu refa kidole sikioni, VAR, goli hakuna. Bado tukawa tunaamini. Dakika zimeshaisha zile za nyongeza ndio zinaendelea, Berkane wakasawazisha.

Na halikuja na kelele. Ndio kitu sikukitegemea. Miaka yote nimezoea kupewa taarifa kwanza, hata goli la kutufunga linapiga hodi, unasikia, una sekunde tano za kujiandaa, za kuomba liwe la kwetu. Siku hiyo Mkapa kule nje taa zimezimwa, hakuna mtu, na mechi iko ng'ambo ya maji, na ule mpira ukaingia tu mbele ya macho yetu bila kuambiwa na mtu. Nilishika sikio kabisa. Nilidhani limeziba.

Filimbi ya mwisho ikapigwa, na hapa ndio nampa mwenye banda nyota zake. Mabanda mengine niliyowahi kukaa mechi ikiisha tu wanawasha taa na kufungua mapazia, toka toka, wanataka kuingiza watu wa mechi inayofuata. Huyu akapunguza sauti mpaka ikaisha, picha akaiacha inaendelea, wale Wamorocco wanabeba kombe kimyakimya, na taa hakuwasha. Pazia hakugusa. Alisimama pale mlangoni anazuia watu wa mechi ya usiku wasiingie, nikamsikia anawaambia kwa sauti ya chini, subirini kidogo, kuna watu humo. Tukakaa gizani sijui dakika kumi, kila mtu anafanya alichokuwa anafanya na uso wake. Mzee wa Mufulira alikuwa anakohoakohoa. Afu akawasha taa moja tu, ile ya nyuma, na dogo akaanza kukusanya vikombe.

Nilivyofika nyumbani Rama, yule wa 2013, alikuwa amekaa kibarazani. Sijasema bado, ila Rama ni Yanga. Mjomba wake alimuwahi na baiskeli akiwa na miaka mitano. Ananiangalia nilivyoingia, nikajua sasa naliwa. Akasema "Baba pole," akanipisha nipite. Kesho yake asubuhi ndio akaanza.

Kwa hiyo nyota nne. Ile ya tano ni ya choo, siku wakijenga nitairudisha. Mechi kubwa fika saa moja kabla, njoo na hela ndogondogo maana dogo chenji hana, ukisikia kelele nje usiulize mtu kitu angalia mbele. Kaa popote, ila benchi la tatu kushoto chini ya nguzo, ukilikuta wazi, mwenyewe nipo njiani.